Tujitengenezee Dashibodi, Lakini Geji Zisiseme Uongo



Mtu akipita asubuhi kwenye stendi ya magari mjini Kasese, au akisimama Bwera wakati malori yanaelekea mpaka wa Mpondwe, na akachungulia ndani ya magari yaliyozeeka, ataona kwamba mengi hayana tena dashibodi iliyotoka nayo kiwandani. Plastiki imepasuka kwa jua, bati limeliwa na kutu, na mahali pake pana kipande cha plaiwudi, au bati la pipa, au hapana kitu ila nyaya zinazoning'inia kama utumbo wa mbuzi. Dashibodi mpya ya gari la miaka arobaini haipatikani, na ya kuukuu bei yake inamshinda mtu wa mshahara. Basi mafundi wetu hujitengenezea.

Jambo hilo si la aibu hata kidogo. Malori mengi ya zamani, kama yale ya Bedford, yalifika kwetu yakiwa chesisi na kichwa tu, na bodi za mbao zikajengwa na maseremala wa hapa hapa Afrika Mashariki. Seremala aliyeweza kujenga bodi ya kubebea tani saba za pamba hawezi kushindwa na ubao wa mita moja na nusu.

Lakini dashibodi si pambo. Dereva hawezi kuona oili inavyozunguka ndani ya injini, wala hawezi kuona maji yanavyochemka ndani ya rejeta. Geji ndizo zinazomwambia. Geji zikimdanganya, injini itakufa mikononi mwake, na hapo ndipo utakapoanza ubishi wa nani alipe. Nasema hivi kwa sababu mimi nililipa.

Mwaka 1992 nilikuwa dereva wa shamba moja upande wa Bwera, ambalo sitalitaja jina. Gari langu lilikuwa Land Rover ya mwaka 1969, ya zile zenye geji katikati ya gari. (Geji za Land Rover zilihamia mbele ya dereva katika toleo la tatu, la mwaka 1971.) Bamba la chuma lililoshika geji lilikuwa limeoza, kwa kuwa mvua ilipenya chini ya kioo. Bosi akasema hakuna pesa. Nikatafuta ubao wa mvule, nikauranda, nikatoboa matundu, nikaupaka vanishi mara nne. Ulipendeza mno. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nimeiokolea kampuni fedha. Sifa zile nilizipokea kwa mikono miwili. Karatasi sikupewa, wala sikuomba.

Tangu siku ile gari likawa na vituko vitatu. Taa ndogo za ndani ya geji hazikuwaka usiku. Nikasema balbu zimeungua. Geji ya petroli ilionyesha tanki limejaa hata nilipojua wazi kwamba ni nusu; nikawa napima kwa kijiti huku nikicheka. Geji ya joto nayo ilipanda hadi karibu na alama nyekundu kila injini ilipopata moto. Mwanzoni niliogopa, nikasimama njiani, nikafungua boneti, nikakuta maji yamo na injini haina neno. Baada ya wiki mbili sikuogopa tena. Nilizoea.

Siku moja nikitoka Bwera kwenda Kasese, nikiwa na wafanyakazi sita nyuma, mpira wa rejeta ulipasuka kabla hatujafika Kikorongo. Mshale ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote. Nilitambua tu injini ilipoanza kugonga, kisha ikazima yenyewe. Kichwa cha silinda kilikuwa kimepinda na pistoni mbili zimekwama. Wale sita walitembea juani hadi barabara kuu. Kampuni ilikata mshahara wangu miezi mitano, na katika barua waliandika kwamba nilibadilisha vyombo vya gari bila idhini.

Kosa lilionyeshwa na fundi waya mmoja wa Kasese, mzee aliyewahi kufanya kazi katika karakana za Kilembe zamani shaba ilipokuwa inachimbwa. Alitazama nyuma ya ule ubao wangu, akaniuliza, "Kijana, umeme wako unarudi nyumbani kwa njia gani?"

Nikasema, "Mzee, unarudi kwa waya."

"Waya upi? Nionyeshe."

Sikuwa na waya wa kumwonyesha.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii yote. Katika gari, umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita ethi. Dashibodi ya chuma ni ethi yenyewe: ukifunga geji ndani yake, umekwisha kuiunganisha na betri bila kujua. Ubao haupitishi umeme. Ukiondoa bamba la chuma ukaweka mvule, umekata njia ya kurudi. Ndiyo maana taa zangu hazikuwaka. Tena, magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yana kidude kidogo cha kutuliza umeme, chenye kazi ya kupunguza nguvu ya betri hadi kama volti 10 kabla haijafika kwenye geji ya joto na ya petroli. Kidude hicho kikikosa ethi hakipunguzi kitu. Nguvu yote ya betri huingia kwenye geji, na mishale yote miwili husoma juu kuliko ukweli. Mimi nilikuwa nimekikaza kidude hicho kwa skrubu juu ya mvule safi, kikavu, kilichopakwa vanishi mara nne! Vituko vyote vitatu vilikuwa ugonjwa mmoja, na dawa yake ilikuwa waya wa urefu wa mkono.

Sasa tuseme habari ya vifaa vyenyewe, maana mbao na mabati ya kwetu yana tabia zake.

Jambo la kwanza la kufikiria ni jua. Kasese iko bondeni, kama mita 1,000 tu juu ya bahari, na karibu na Kikorongo barabara inauvuka mstari wa ikweta. Gari likiegeshwa juani madirisha yakiwa yamefungwa, sehemu ya juu ya dashibodi huweza kupata joto la nyuzi 70 au zaidi. Jioni gari hilo hilo linapanda Kilembe kwenye baridi na ukungu. Ubao usiokauka vizuri ukipelekwa hivi kila siku utapinda na kupasuka, na gundi ile nyeupe ya maseremala hulainika kwa joto la namna hiyo. Gundi hiyo isitegemewe peke yake. Kila kiungo kitiwe skrubu.

Mvule ni mti mzuri, hauogopi mchwa wala maji, lakini una mambo mawili. Ndani yake mara nyingi mna vijiwe vigumu vinavyoua meno ya msumeno na makali ya randa. Na vumbi lake huwasha ngozi, pua na kifua. Watu wengine huumwa hasa. Ukipiga msasa mvule, funga kitambaa puani na ufanye kazi nje. Tena mvule mkubwa umekuwa adimu. Sishauri mtu akate mti kwa ajili ya dashibodi. Tafuta mlango au kitanda kilichovunjika. Ubao wa mlango wa zamani una faida nyingine kubwa, kwamba umekwisha kukauka miaka mingi na umemaliza ujanja wake wote wa kupinda.

Mbao nyekundu zinazovuka kutoka Kongo, ambazo wafanyabiashara huziita liboyo, hurandika vizuri na hushika skrubu. Musizi ni mwepesi na laini, unafaa kwa mtu anayejifunza, ila hupondeka upesi na hauwezi unyevu. Grevilea, ule mti wa kivuli katika mashamba ya kahawa, una sura nzuri sana ukipata vanishi. Mkalitusi mimi siutaki katika kazi hii. Ni mti wa nguzo na kuni. Ukikauka hujinyonga na kupasuka.

Kama ubao ni mbichi, usiwe na haraka. Mafundi huhesabu kama mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila unene wa milimita 25. Njia ya kujua kama umekauka ni kuupima uzito. Upeleke kwenye mizani kila wiki, uandike namba kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Siku uzito utakapoacha kupungua wiki tatu mfululizo, ubao umekauka. Na hata ukikauka, ubao hupanuka na kunywea kwa upana wake, si kwa urefu wake. Kwa hiyo matundu ya skrubu za kuushikilia yasiwe ya duara. Yafanye marefu kidogo kwa upande wa upana, ili ubao upate nafasi ya kucheza bila kujipasua.

Plaiwudi haina matatizo hayo, kwa kuwa matabaka yake yamelazwa yakipingana. Ya milimita 12 inatosha, hata ya 9. Tatizo lake ni gundi. Kabla ya kununua, omba kipande kidogo, ukichemshe ndani ya sufuria kwa saa moja, halafu ukianike. Matabaka yakiachana, mrudishie mwenye duka maneno yake matamu. Makasha ya zamani ya chai yalikuwa ya plaiwudi, lakini nyembamba sana; ukikuta moja, litumie kukatia kielelezo. Ule ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa, unaotumiwa kwa meza za bei rahisi, usiuingize kabisa ndani ya gari. Ukipata maji mara moja huvimba kama andazi, na skrubu zote hutoka zenyewe.

Kwa upande wa bati, alumini ndiyo bora. Land Rover zilianza kutengenezwa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi yake ni bati la alumini. Kwenye skrepa kipande cha mlango wake kinatosha. Alumini ya milimita 1.5 au 2 hukatika kwa msumeno wa chuma na hutobolewa kwa keekee ya mkono. Ila usiiache iking'aa, maana jua litarudi kwenye kioo cha mbele na kukupofusha. Ipake rangi nyeusi isiyo na mng'aro. Na ukiikaza kwa skrubu za chuma, weka washa ya mpira au paka rangi kati yake, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana na unyevu, alumini huliwa.

Bati la pipa la lita 200 ni jembamba lakini gumu, na mafundi wengi hulitumia. Nataka niseme wazi: pipa lililowahi kuwa na petroli au dizeli lisikatwe kwa moto, hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mvuke uliobaki hulipuka. Likate kwa patasi na mkasi wa bati, baada ya kulijaza maji na kulimwaga. Na bati lolote lina ukingo unaokata kama wembe. Magoti ya dereva na tanboi yako pale pale chini ya dashibodi, na gari likifunga breki ghafla, uso wa mtu uko njiani. Kunja ukingo, au ufunike kwa mpira uliopasuliwa, na hapo juu uweke sponji kidogo chini ya reksini.

Plastiki ya jerikeni ni hasara. Hulegea juani, haishiki gundi wala rangi, na nyaya zikipata moto huyeyuka na kuwaka. Vipande vya asbestosi, ambavyo watu wengine huvitumia kuzuia joto la injini, visiguswe; vumbi lake hukaa mapafuni na huleta maradhi baada ya miaka mingi, wakati hata mwajiri wa kumdai hayupo.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini leo, ningejenga dashibodi yote kwa plaiwudi ya milimita 12, na mahali pa geji ningekata dirisha, nikaziba kwa bamba la alumini. Geji zote zingekaa katika bamba hilo, na waya mmoja mnene ungetoka kwenye bamba hadi kwenye chesisi, ukikazwa juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi. Anayetaka uzuri aweke liboyo au grevilea upande wa abiria, ambako hakuna geji ya kudanganya mtu.

Kabla ya kutoboa, mkalishe kitini dereva atakayeendesha gari. Fundi hujipima mwenyewe, halafu dereva mfupi hukuta usukani umefunika geji ya oili. Oili na joto ziwe karibu na macho. Saa na redio vikae popote. Geji ndogo nyingi huhitaji tundu la milimita 52, lakini pima yako kwanza. Kama huna msumeno wa duara, chora mviringo, toboa matundu madogo madogo kwa ndani yake, unganisha kwa patasi, na umalizie kwa tupa. Mwenye msumeno wa duara atoboe plaiwudi kutoka mbele mpaka ncha ya katikati itokeze nyuma, kisha amalizie kutoka nyuma, la sivyo tabaka la mwisho litachanika. Na kabla ya kukaza zungusha kila geji ili injini inapokuwa katika hali njema mishale yote isimame wima. Dereva akitupa jicho mara moja ataona mshale ulioinama, bila kusoma namba.

Nyuma ya ubao, kila waya unaopita kwenye bati upite ndani ya kipete cha mpira. Waya wa kuleta umeme uwe na fyuzi karibu na betri, si karibu na geji, maana waya ukichunika njiani fyuzi iliyo mbele yake haisaidii. Geji ya ampia ya aina ya zamani hupitisha umeme wote wa kuchaji. Nati yake ikilegea hupata moto, na nyuma ya ubao mkavu huo ni mwanzo wa kuungua gari. Afadhali kuiondoa na kuweka geji ya volti. Kama geji ya oili ni ya bomba, lipe bomba la shaba mizunguko miwili kabla halijafika, ili mtikisiko wa barabara usilivunje likamwagia dereva oili ya moto miguuni.

Nirudi kwenye ile barua ya kampuni. Madereva walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza kuunda chama nchini Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1930, na suala la nani anabeba hasara ya gari bovu si geni kwetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke vyombo vya kazi katika hali ya salama. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo haimwachii akate mshahara apendavyo; imetaja makato yanayoruhusiwa. Kwa hiyo, gari likiwa lako, jitengenezee utakavyo. Gari likiwa la kampuni au la shamba, andika kwanza katika daftari la gari kwamba geji fulani hazifanyi kazi, tarehe na sahihi yako, nawe ubaki na nakala. Wakikwambia utengeneze, utengeneze kwa saa za kazi, kwa vifaa vyao, na mkubwa wa gereji atie sahihi kwamba ameikagua. Mimi nilitumia Jumapili zangu mbili na ubao wangu mwenyewe, na hilo nalo liligeuzwa kuwa kosa langu. Najua wapo ndugu watakaosema kwamba mfanyakazi asiguse kabisa kazi isiyo yake. Siafikiani nao, kwa sababu anayekaa mbele ya dashibodi hiyo ni yeye. Lakini ninaelewa wanakotoka.

Kazi ikiisha usilirudishe gari barabarani kabla ya kuzijaribu geji. Fungua kile kidude cha kupimia joto kilichomo ndani ya injini, ukiache na waya wake, na ufunge waya mwingine kutoka kwenye mwili wake hadi kwenye chuma cha injini. Weka sufuria ya maji juu ya jiko la makaa kando ya gari. Maji yakichemka sana, chovya ncha yake humo, washa swichi, na mwenzako atazame mshale. Kwa mwinuko wa Kasese maji huchemka kwenye nyuzi kama 97, si 100. Pale mshale utakaposimama, tia nukta ya rangi nyekundu juu ya kioo cha geji. Kisha vuta ule waya mnene wa ethi wa dashibodi, utazame mshale unavyoruka. Umwite na dereva aje aone, ndipo uurudishe waya mahali pake na kuukaza.